Tafi Hayumo Hatarini, na Ndiyo Maana Tumlinde Sasa
Mhadhara wa wazi kuhusu maisha na hali ya samaki mmoja wa miamba yetu



Samaki ninayemzungumzia leo hayumo miongoni mwa viumbe wanaokaribia kutoweka. Shirika la kimataifa la IUCN, linalotunza ile Orodha Nyekundu inayopanga viumbe kwa kadiri ya hatari inayowakabili, limemweka katika daraja la chini kabisa la wasiwasi. Hakai safu moja na kasa, wala nguva, wala silikanti anayenaswa mara chache huko Komoro na Tanga. Nimemchagua kwa sababu hiyo hasa. Mara nyingi tunaitana kuzungumzia uhifadhi wakati maji yameshamwagika, tukaanza kuhesabu wachache waliobaki. Tafi yupo. Asubuhi ya leo amepimwa kwenye mizani za mabandani kuanzia Lamu hadi Mtwara, na jioni atakuwa kwenye karai la mafuta. Nitajaribu kuonyesha kwamba daraja alilopewa ni sahihi kwa hesabu ya bahari nzima, lakini halisemi lolote juu ya mwamba mmoja mmoja tunaoutegemea. Na kwamba samaki aliye katika daraja hilo ndiye anayelindika kwa gharama ndogo.

Tuanze na samaki mwenyewe. Tafi, ambaye Unguja na sehemu nyingi za Tanzania huitwa tasi, ana ndugu wengi, lakini anayejaa zaidi katika nyavu na madema yetu ni yule ambaye wataalamu humwita Siganus sutor. Jina hilo alipewa na mwanazuoni wa Ufaransa, Achille Valenciennes, mwaka 1835. Anaishi upande huu wa magharibi wa Bahari ya Hindi tu: pwani ya Afrika Mashariki, Komoro, Madagaska, Shelisheli, Morisi na majirani zake. Hayupo India wala Indonesia. Kwa hiyo tukisema ni samaki wetu hatujisifu bure. Akipotea huku, hakuna mahali pengine pa kumfuata.

Mwili wake umebanwa ubavuni, rangi yake ni ya kijivu na hudhurungi yenye madoadoa mepesi, na akishtuka hubadilika mara moja akawa na mabaka. Mdomo ni mdogo, na magamba ni madogo mno hata mtu akimshika hudhani hana. Anaweza kufika urefu wa sentimita 45, ingawa wa kiasi hicho siku hizi ni nadra kuwaona sokoni. Kinachomtambulisha kuliko vyote ni miiba. Mgongoni ana 13, chini nyuma ya tumbo ana 7, na kila pezi la tumboni lina mwiba mmoja mwanzoni na mwingine mwishoni, katikati pana nyuzi laini tatu. Hakuna jamii nyingine ya samaki yenye mpangilio huo wa pezi la tumboni. Jumla ni miiba 24, na yote ina sumu. Aliyewahi kuchomwa wakati wa kumtoa kwenye wavu anajua kwamba mkono mzima hupwita. Wazee wa pwani huuchovya mkono katika maji ya moto kadiri mtu anavyoweza kustahimili bila kuungua, na sayansi inawaunga mkono: sumu hiyo ni protini, na joto huiharibu.

Silaha zote hizo ni za kujikinga tu, kwa sababu tafi hawindi. Yeye hula majani. Mchana kutwa huzunguka kwa makundi katika maji ya ndani ya mwamba, akitafuna mwani unaoota juu ya mawe na matumbawe, na majani ya bahari yanayofunika mchanga kati ya mwamba na ufuo. Ndiyo sababu tumbo lake likipasuliwa hutoka kijani, na ndiyo sababu mpishi hodari humtumbua mapema kabla harufu haijaingia katika nyama.

Huko Australia, kwenye kisiwa cha Lizard katika Tumbawe Kuu la Kizuizi, Simon Brandl na David Bellwood walitazama kwa karibu jinsi tafi wa aina nyingine, wale wanaoishi wawiliwawili, wanavyokula. Mmoja huinamisha kichwa ndani ya ufa wa jiwe na kula. Mwenzake hubaki juu amesimama wima majini, hali chochote, akiangalia pande zote. Baada ya muda hubadilishana: aliyekuwa mlinzi anakula, aliyekuwa anakula analinda. Walichapisha matokeo yao mwaka 2015, na yaliwashangaza wengi, kwa kuwa zamu ya namna hiyo ilidhaniwa kuwa ni ya ndege na wanyama wenye akili kubwa. Tafi wetu wa makundi hana desturi hiyo ya ndoa, lakini naitaja ili tukumbuke kwamba tunazungumza juu ya viumbe wenye maisha yao kamili, hata kabla hawajawa kitoweo.

Ulaji huo wa majani una uzito gani? Jibu moja lipo Bahari ya Mediterania. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, viumbe wa Bahari ya Shamu walipata njia ya kuhamia kaskazini. Kati yao wamo tafi wa aina mbili, mmoja aliyegunduliwa huko katika miaka ya 1920 na mwingine katika miaka ya 1950. Walikuta misitu ya mwani ambayo haikuwahi kuonja meno ya namna hiyo. Leo katika sehemu za pwani ya kusini ya Uturuki na visiwa vya Ugiriki miamba imebaki mitupu, imetafunwa hadi jiwe. Kule ni msiba, kwa sababu tafi si wa kule. Lakini nguvu ileile, mahali ilipoumbwa kufanya kazi, ndiyo inayouweka mwamba wa tropiki katika hali ya kuwa mwamba.

Matumbawe na mwani hugombania jua na nafasi. Matumbawe hukua polepole, mwani hukua upesi. Mwaka 1998 maji ya bahari yetu yalipopata joto lisilo la kawaida, matumbawe yalipauka kuanzia Kenya hadi Msumbiji na visiwani, na mengi sana yakafa. Yalipauka tena mwaka 2016. Kila tumbawe linapokufa, mifupa yake hubaki wazi, na mwani ndio wa kwanza kufika. Kikipatikana kinywa cha kuutafuna, mche mdogo wa tumbawe unaweza kupata mahali pa kushika. Kisipopatikana, mwani huota mnene, hufunika, na mwamba hubaki kaburi la matumbawe. Pono na kangaja wanafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo, kila mmoja kwa namna yake: pono hukwangua jiwe, wengine hung'ata nyuzi fupi. Tafi ni miongoni mwa wale wanaoweza kula mwani uliokwisha kurefuka na kuwa majani, ambao wengine wanauacha.

Niseme kidogo pia juu ya nungu wa baharini, yule kiumbe wa mviringo mwenye miiba, kwa sababu historia yake na ya samaki wetu zimefungamana. Tim McClanahan, aliyefanya utafiti katika miamba ya Kenya kuanzia miaka ya 1980, alionyesha kwamba mahali palipovuliwa kupita kiasi nungu hujaa. Wanaowala, hasa kikande, wameondolewa. Nungu naye hula mwani, na kwa hiyo hushindana na samaki wala majani; lakini hula kwa kuchimba, na jiwe la mwamba huliwa pamoja na mwani. Kwa hiyo mwamba usio na samaki haubaki bila mlaji, ila hupata mlaji anayeuvunja. Na kikande, akishaondolewa, huchukua zaidi ya miaka kumi kurudi kwa wingi hata ndani ya hifadhi. Tafi ni mwepesi zaidi. Wepesi wake ndio msingi wa hoja yangu, na sasa nauendea.

Katika miaka ya 1980 mtaalamu wa Kenya, Micheni Ntiba, pamoja na mwenzake Jaccarini, walimchunguza tafi wa pwani ya Kenya kwa namna mbili. Kwanza walitoa vijiwe vidogo vilivyo ndani ya kichwa cha samaki, karibu na masikio. Vijiwe hivyo hukua kwa tabaka nyembamba sana, na kwa darubini tabaka zinaweza kuhesabika, hata umri na mwendo wa kukua ukajulikana. Waligundua samaki anayekua haraka. Pili walipima mayai na shahawa mwezi baada ya mwezi. Wakati huo wengi waliamini kwamba samaki wa tropiki hutaga mwaka mzima, maadamu maji ni ya vuguvugu siku zote. Tafi hakufuata imani hiyo. Alikuwa na majira mawili yaliyo wazi: moja Januari na Februari, wakati wa kaskazi, na jingine Mei na Juni, kusi inapokuwa imeshika. Makala yao ya mwaka 1990 ingefaa isomwe na kila anayepanga sheria za uvuvi pwani, kwa sababu inatupa kalenda.

Ndani ya kalenda hiyo kuna saa nyingine, nayo ni mwezi. Huko Shelisheli, hasa karibu na kisiwa cha Praslin, wavuvi wa mitego wanajua tangu zamani kwamba mwezi unapokaribia kupevuka tafi huacha malisho yao na kukusanyika kwenye vilima fulani vya mwamba, na kwamba vilima hivyo havibadiliki. Watafiti, wakiwamo Jan Robinson na Jude Bijoux, waliwatia baadhi ya samaki hao vyombo vidogo vinavyotoa mlio majini, wakaweka vipokezi chini ya bahari. Samaki walirudi mahali palepale kwa kufuata mwezi. Wavuvi walikuwa wakisema kweli.

Na kwetu? Melita Samoilys wa taasisi ya CORDIO ya Mombasa na wenzake walikaa na wavuvi wa Msambweni, kusini mwa Kenya, wakawauliza wanachokijua juu ya mikusanyiko ya samaki, kisha wakaenda nao kuangalia. Tafi alikuwa mmoja wa samaki ambao wavuvi walijua hukusanyika, nao walimfuata kwa makusudi huko anakokusanyika. Kazi hiyo, pamoja na ile ya Shelisheli, ilitolewa katika kitabu kimoja mwaka 2013, Robinson na Samoilys wakiwa wahariri. Mimi nayaona matokeo ya Msambweni kuwa ya thamani kubwa kuliko ukubwa wa karatasi yalimoandikwa. Yanathibitisha kwamba elimu tunayoihitaji ili kumlinda samaki huyu imo vichwani mwa watu wenye ngalawa na mitumbwi, nayo imo humo tangu zamani kabla ya kuandikwa popote.

Hapa ndipo penye hatari, na naomba mniwie radhi nikipaeleza kwa kirefu. Samaki anayekusanyika humpa mvuvi matumaini ya uongo. Chukulieni eneo lenye tafi waliotawanyika katika maji ya ndani ya mwamba. Wakipungua nusu, mvuvi anayetega dema malishoni ataona: leo wachache, kesho wachache zaidi. Lakini anayetega kwenye kilima cha mkusanyiko usiku wa mwezi mpevu hataona, kwa kuwa waliobaki wote huja pale. Dema litajaa mwaka huu, litajaa mwaka ujao, na hesabu ya ofisini itaandika kuwa hali ni njema. Halafu unafika mwaka ambao mwezi unapevuka na hawaji. Mambo haya yalitokea kwa chewa wa Nassau katika Karibiani. Alikuwa samaki wa kawaida kabisa, akikusanyika kwa maelfu kwa kufuata mwezi, akavuliwa kwenye mikusanyiko hiyo, na mikusanyiko mingi ikafutika moja baada ya nyingine. Sasa IUCN imemweka katika daraja la walio hatarini mno kutoweka. Kisiwani Little Cayman serikali iliufunga mkusanyiko wa mwisho mkubwa mwaka 2003, na watafiti waliofuatilia kwa miaka zaidi ya kumi wameonyesha kuwa samaki hao wameongezeka zaidi ya mara tatu. Inatia moyo. Ila chewa hukua polepole, na imewagharimu muda mrefu wa kungoja na ulinzi mkali. Tafi anazaa akiwa bado mdogo. Akipewa nafasi atajibu mapema zaidi.

Mayai ya jamii nyingi za tafi ni madogo na hunata chini. Vifaranga hupeperushwa na maji kwa majuma kadhaa, kisha wanaonusurika huingia kwenye majani ya bahari. Hapo ndipo juya linapowakuta. Juya la kuvutwa ufuoni hukokota kila kitu, likang'oa majani na kubeba vitoto vya tafi visivyofika upana wa kiganja. Kenya ililipiga marufuku mwaka 2001, lakini kila anayetembea ufuoni alfajiri anajua kwamba marufuku na utekelezaji ni mambo mawili. Sipendi kuwalaumu vijana wanaovuta. Wengi hawana chombo cha kutoka nje ya mwamba, na kuvuta juya hakuhitaji mtaji wako mwenyewe, maana wavu una tajiri wake. Lakini siwezi kusema kwamba hawadhuru. Wanachovuta ni samaki wa mwaka kesho.

Dema ni habari nyingine. Wengi wenu mmeliona, na wengine mmelisuka. Fito na vipande vya mianzi vilivyosukwa kwa matundu ya pembe sita, mlango mpana unaosinyaa kuelekea ndani, chambo cha mwani au konokono waliopondwa, na mawe ya kulizamisha. Halichafui, halivunji matumbawe likiwekwa na mtu mwenye adabu, na samaki hutoka akiwa hai. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko tunavyofikiri, kwa sababu asiyetakiwa anaweza kurudishwa. Tatizo ni kwamba mara chache hurudishwa. Ndani ya dema moja linalopandishwa utakuta tafi wawili watatu wa kuuzika, na pamoja nao vitoto vya tafi, vipepeo wa matumbawe, na vijisamaki ambavyo bei yake sokoni ni ya fungu.

Emmanuel Mbaru na Tim McClanahan walijaribu jambo dogo sana katika madema ya Kenya. Kwenye pembe ya dema waliacha mwanya wa wima, upana wake kama sentimita 3, urefu wake kama 30. Wazo kama hilo lilikuwa limejaribiwa Curaçao, katika Karibiani, na Ayana Elizabeth Johnson. Tafi na umbo lake la bapa anafaa kabisa kwa mtego wa namna hii: aliye mdogo husimama wima kama kawaida yake na kupita, aliyenenepa haingii. Vipepeo, ambao ni wembamba zaidi na hawana bei, hutoka pia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalikuwa wazi: samaki wasiotakiwa walipungua, waliobaki ndani walikuwa wakubwa zaidi, na mapato ya mvuvi yaliongezeka. Mwanya huo hauhitaji kununuliwa. Msukaji anaacha tu fito moja.

Kwa nini basi si kila dema lina mwanya? Nimesikia majibu mengi, na lililo zito kuliko yote halitoki kwa mvuvi. Linatoka kwa mama karanga. Wanaotoka nje ya pwani ya Kenya huenda hawamjui: ni mwanamke anayenunua samaki wadogo ufuoni, akawakaanga na kuwauza jioni mtaani kwa watu wenye shilingi chache. Tafi mkubwa hamfikii. Huyo huchukuliwa na tajiri mwenye barafu na pikipiki, akaenda hotelini au mjini. Samaki mdogo tunayesema arudishwe baharini ndiye mtaji wa mama karanga, na ndiye kitoweo cha nyumba isiyomudu kununua kilo. Hili si jambo la kupitia kwa haraka. Mpango wowote wa uhifadhi unaomnenepesha tafi wa hotelini na kuikosesha nyumba ya maskini kitoweo cha jioni utavunjwa, na mimi sitashangaa wala sitawahukumu watakaouvunja.

Jibu langu ni hili, nalo si kamili. Kitoto cha tafi kinachopita kwenye mwanya leo, kwa mwendo wa kukua ambao Ntiba aliusoma katika vijiwe, hakihitaji miaka mingi kuwa samaki wa kuuzika. Wakiwa wengi, bei ya ufuoni hushuka kiasi, na mama karanga hupata samaki wa kadiri. Lakini miezi ya kungoja ni ya njaa kwake yeye, na anayetaka kumngojesha lazima amkalishe mezani. Vikundi vyetu vya usimamizi wa fukwe, ambavyo Kenya vilipewa nguvu ya kisheria mwaka 2007 na ambavyo Tanzania pia inavyo, mara nyingi vimejaa wenye vyombo. Mama karanga wawemo, na wawemo kwa sauti ya kupiga kura juu ya siku za kufunga na ukubwa wa mwanya. Wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani nao wana neno lao, maana tafi huingia mashambani mwao na kula walichopanda. Na wao wasikilizwe.

Turudi kwenye Orodha Nyekundu. Daraja la tafi limepatikana kwa kutazama eneo lote analoishi, wepesi wake wa kuzaa, na kwamba sehemu ya eneo hilo imo ndani ya hifadhi. Kwa vipimo hivyo hakuna la kubishania. Orodha inauliza kama aina hiyo ya samaki itatoweka duniani. Swali la mtu wa Msambweni, Pangani au Kilindoni ni lingine: je, kwenye mwamba wangu bado wapo wa kutosha kula mwani, na wa kutosha kulisha watu? Samaki anaweza kuwa salama katika orodha ya dunia na huku kazi yake katika mwamba fulani imekwisha simama. Tafi, pono wa majani na changu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya mavuno ya maji ya ndani ya mwamba nchini Kenya. Tusidhani kwamba hayo ni mavuno ya mwamba wenye afya. Wale waliokuwa wakubwa na wazito, chewa na jamaa zake, wamepungua sana, na waliobaki ni wale wanaostahimili kuvuliwa. Baada ya hao hakuna safu nyingine.

Hifadhi zimesaidia, na ushahidi upo. Malindi na Watamu zimekuwa hifadhi tangu mwaka 1968. Boaz Kaunda-Arara na George Rose walitia alama samaki waliokuwa ndani yake, na baadhi yao, tafi wakiwamo, wakaja kukamatwa na wavuvi nje ya mpaka. Tafi hutembea, na kutembea kwake ni faida kwa jirani wa hifadhi. Tanzania ina Mafia tangu mwaka 1995, na Zanzibar ina Chumbe. Huko Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi wenyewe walifunga sehemu ya bahari yao katikati ya miaka ya 2000 na kuiita tengefu, kisha mwaka 2017 wakapewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ila hifadhi ya malisho pekee haimtoshi samaki ambaye usiku wa mwezi mpevu anatoka kwenda kutaga kwingine. Akiwa salama siku 26 na kuvuliwa katika zile chache anazozaa, tumemlinda upande usiofaa.

Jirani zetu wa Ghuba wameliona hilo. Wao wana ndugu wa tafi, wanayemwita safi, na wanampenda pengine kuliko sisi. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza miaka ya 2010 kufunga uvuvi na uuzaji wa safi na wa samaki mwingine aitwaye shaari katika Machi na Aprili, miezi yao ya kutaga, na zuio hilo linafika hadi sokoni, maana mnunuzi akikataliwa mvuvi hana sababu ya kwenda. Sisi hatuhitaji miezi miwili mizima. Tuna majira mawili, na ndani yake tuna siku chache za kila mwezi mpevu, na tuna vilima vya mwamba ambavyo wavuvi wanaweza kuvitaja kwa majina.

Kwa hiyo maombi yangu ni machache, na nayaelekeza kwa watu wanaojulikana. Kwa vikundi vya usimamizi wa fukwe: kabla ya kaskazi ijayo, kaeni na wazee wenu wa dema, waulizeni tafi hukusanyika wapi, na mkubaliane kutotega pale usiku wa mwezi mpevu katika Januari, Februari, Mei na Juni. Msitangaze mahali penyewe kwa wageni. Kwa idara za uvuvi za Kenya, Tanzania Bara na Zanzibar: ufanyeni mwanya wa dema kuwa sharti la leseni, na mpeleke wasukaji waliokwisha kuusuka wakawafundishe wenzao. Kwa wenye hoteli na matajiri wa samaki: usiku huo msiagize tafi, na tofauti ya bei anayoipata mvuvi kwa samaki mkubwa ilipeni bila kumpunja. Kwa wanafunzi wa vyuo vyetu: Ntiba alifanya kazi yake zaidi ya miaka 30 iliyopita, na bahari imepata joto tangu hapo. Majira hayo mawili yanahitaji kupimwa upya, Tanga, Mafia na Pemba pia, na kazi hiyo ni yenu.